Harusi, Njaa na Bia ya Machi: Kuifumbua Oktoberfest

Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 15 Septemba, saa sita kamili mchana, meya wa jiji la Munich, kusini mwa Ujerumani, husimama ndani ya hema la Schottenhamel akiwa amejifunga aproni ya ngozi. Mkononi ana nyundo ya mbao. Mbele yake limelazwa pipa la mwaloni lenye lita 200, pipa ambalo wenyeji huliita Hirsch, yaani kulungu, kwa sababu uzito wake unakaribiana na wa mnyama huyo. Anaielekeza bilula kwenye tundu la pipa, anainua nyundo, anagonga. Umati unahesabu mapigo kwa sauti moja. Pigo likiwa dhaifu, bia inaruka na kuwalowesha waliosimama karibu. Bilula ikishakaa sawasawa, meya anapaza sauti: "O'zapft is!" Ni lahaja ya Bavaria, na maana yake ni kwamba pipa limetobolewa. Nje inalipuliwa mizinga 12, na hiyo ndiyo ruhusa ya mahema mengine yote kuanza kuuza. Kabla ya mlio huo hakuna anayemiminiwa hata tone. Kikombe cha kwanza hukabidhiwa waziri mkuu wa jimbo la Bavaria.

Picha ya tukio hilo, ufunguzi wa sherehe ya Oktoberfest, hutufikia kila mwaka, na huja na maelezo ya haraka. Wengine husema ni sikukuu ya walevi. Wengine husema ni mila ya kale ya mavuno, ya tangu enzi za mababu wa Wajerumani. Wengine huichukulia kuwa sikukuu ya taifa zima la Ujerumani. Kila maelezo yamegusa kitu cha kweli, lakini ukiyashika hivyo yalivyo utapotea. Mila tunayoiona meya akiifanya, kwa mfano, ilianza mwaka 1950 tu, meya wa wakati huo Thomas Wimmer alipotoboa pipa kwa mkono wake mwenyewe. Mabibi wengi walio hai leo Munich walizaliwa kabla ya "mila" hiyo.

Oktoberfest imesukwa kwa kamba mbili. Moja ni ya kale kweli: kalenda ya shamba na pipa, ambayo haikuhitaji mfalme wala meya. Nyingine ni changa: siasa za ufalme mpya uliotaka kupendwa na raia wake. Kamba hizo zilikutana uwanjani, zikasokotana, na leo watu wanazitazama kama kamba moja. Ukizitenganisha, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu yanapata maelezo.

Pipa lilivyotawala kalenda

Kabla ya majokofu, upishi wa bia huko Bavaria ulifuata majira kama kilimo chenyewe. Hamira inayotumika kwa bia zao nyingi hufanya kazi polepole, kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na hutulia chini ya chombo. Joto likipanda, vijidudu vya hewani huingia na kuibadili bia kuwa kitu kinachokaribia siki. Aliyekulia kwenye nyumba inayopika mbege au busaa haitaji kuelezwa jambo hili: kinywaji kilicho kitamu leo, kesho kutwa hakinyweki.

Basi mwaka 1553 watawala wa Bavaria walipiga marufuku kupika bia wakati wa joto. Msimu wa kupika ulianza tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, ukaishia tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George. Baada ya hapo ilifuata miezi mitano ambayo hakuna sufuria la bia lililowekwa motoni, na ndiyo miezi watu wanayokuwa na kiu zaidi.

Wapishi walipata ufumbuzi. Mwezi Machi walipika mkupuo mkubwa wa mwisho, wakaongeza kimea cha shayiri na hopsi (maua machungu yanayoungwa kwenye bia), na bia ikawa nzito na kali kuliko ya kawaida ili ihimili miezi ya joto. Bia hiyo waliiita Märzen, yaani "ya Machi". Waliihifadhi kwenye mahandaki yaliyochimbwa kwenye miinuko karibu na mto Isar, wakayajaza mapande ya barafu yaliyokatwa kwenye maziwa na mito wakati wa baridi. Juu ya mahandaki walimwaga kokoto, kisha wakapanda michestinati, miti yenye majani mapana yanayotoa kivuli kizito na mizizi isiyozama sana hata ikatoboa paa la handaki.

Watu wakaanza kuja kunywea palepale, chini ya miti. Ndipo zilipozaliwa bustani za bia ambazo Munich inajulikana nazo. Wenye mikahawa mjini walilalamika kwamba wateja wanahama, na mwaka 1812 mfalme akaamua: mpishi aruhusiwe kuuza bia na mkate kwenye handaki lake, lakini vyakula vingine asiuze. Mwenye njaa akabeba chakula chake kutoka nyumbani. Hadi leo, katika bustani za bia za asili, unaruhusiwa kukaa na kapu lako, ukatandika kitambaa mezani, ukala figili, jibini na mkate wa kwako, ukanunua kinywaji peke yake. Mimi nakipenda sana kipande hiki cha historia. Amri iliyotolewa ili kulinda biashara ya watu fulani imegeuka kuwa haki ya kila mtu, na hakuna anayekumbuka ugomvi ulioizaa.

Septemba ilipofika, mambo matatu yalikutana. Shayiri mpya ilikuwa imeshaingia ghalani. Hopsi ilikuwa inachumwa, hasa Hallertau, kaskazini mwa Munich, eneo linaloongoza duniani kwa ukubwa wa mashamba ya hopsi. Na mapipa ya bia ya Machi yalihitajika yawe matupu ili msimu mpya wa kupika uanze. Kwa hiyo vuli ilikuwa wakati wa kumaliza. Juu ya hayo kulikuwa na kanisa: shukrani ya mavuno, ambayo kwa kawaida huangukia Jumapili ya kwanza ya Oktoba, na Kirchweih, kumbukumbu ya siku kanisa la kijiji lilipowekwa wakfu. Zamani kila kijiji kilikuwa na tarehe yake. Vijana walihama kutoka sherehe hadi sherehe, kazi zikalala, mpaka katika miaka ya 1860 ikaamriwa kwamba vijiji vyote vya Bavaria viadhimishe Jumapili moja, ya tatu ya Oktoba. Bata bukini huokwa siku hiyo, na vitumbua vyao vikubwa vya unga wa hamira hukaangwa kwenye mafuta.

Hiyo ndiyo kamba ya kale. Ndani yake hakuna jina Oktoberfest.

Harusi ya mwaka 1810

Tarehe 12 Oktoba 1810, Ludwig, mrithi wa kiti cha ufalme wa Bavaria, alimwoa binti mfalme Therese wa Sachsen-Hildburghausen. Sherehe zilidumu siku kadhaa, na tarehe 17 zilifungwa kwa mbio za farasi kwenye uwanda ulio nje ya kuta za mji. Uwanda huo ukapewa jina la bibi harusi: Theresienwiese, uwanda wa Therese. Jina hilo ndilo lililofupishwa likawa Wiesn. Mwenyeji wa Munich hasemi anakwenda Oktoberfest. Anasema anakwenda Wiesn, na ukitumia jina refu anajua papo hapo kwamba wewe ni mgeni.

Kwa nini harusi ya kifalme ikafunguliwa kwa makumi ya maelfu ya watu? Tazama tarehe. Bavaria ilikuwa ufalme tangu 1 Januari 1806 tu, kwa msaada wa Napoleon. Katika miaka hiyo michache ilikuwa imemeza miji na maeneo mengi ya Franken na Schwaben, yenye watu ambao jana yake walikuwa na watawala wao, sheria zao, na wengi wao wakiwa Waprotestanti. Ukoo wa Wittelsbach, uliotawala Bavaria, ulikuwa wa Kikatoliki. Ramani ilikuwa imechorwa upya, lakini mtu wa Nürnberg hakuamka asubuhi akajihisi Mbavaria. Therese mwenyewe alikuwa Mlutheri, akaingia katika nyumba ya Kikatoliki bila kubadili dhehebu lake. Kwenye uwanda, kabla ya mbio, walipita watoto wawili wawili wakiwa wamevalishwa mavazi ya maeneo mbalimbali ya ufalme, wakamsalimu mfalme na maharusi. Onyesho hilo lilikuwa hotuba ya kisiasa isiyo na maneno: hawa wote sasa ni nyumba moja.

Wazo la mbio lilitoka kwa askari wa farasi wa Walinzi wa Taifa. Andreas Dall'Armi, mfanyabiashara wa benki na afisa wa kikosi hicho, ndiye aliyelifikisha kwa mfalme. Lakini anayetajwa kuwa ndiye aliyelifikiria kwanza ni mwendesha magari ya farasi wa kukodi, Franz Baumgartner, na mbio zenyewe akashinda yeye. Bia ilikuwepo, maana ni Bavaria, ila haikuwa sababu ya watu kukusanyika. Walikuja kuwaona farasi na maharusi.

Mwaka uliofuata mbio zilirudiwa, na chama cha wakulima kikaongeza maonyesho ya kilimo: ng'ombe bora, mafahali, farasi, zawadi kwa wafugaji. Msomaji wa Tanzania afikirie Nane Nane, wa Kenya afikirie maonyesho ya kilimo ya mjini kwake. Mpaka leo kila baada ya miaka kadhaa maonyesho hayo hufanyika kando ya mahema, na ng'ombe wanaletwa kweli. Mwaka 1819 jiji la Munich likachukua usimamizi wenyewe, sherehe ikawa ya kila mwaka.

Kwa hiyo swali la jina lina jibu fupi. Inaitwa ya Oktoba kwa sababu harusi ilikuwa Oktoba. Baadaye ilisogezwa nyuma kwa sababu usiku wa Oktoba katika mji ulio karibu na milima ya Alpi una baridi ya kuumiza, na Septemba bado jua lipo. Siku hizi huanza katikati ya Septemba na kumalizika Jumapili ya kwanza ya Oktoba, au tarehe 3 Oktoba, siku ya muungano wa Ujerumani, kama Jumapili hiyo imeangukia tarehe 1 au 2. Hadithi kwamba iliundwa ili kumaliza bia ya Machi inapendeza, lakini si kweli. Ni kamba mbili zilizokutana.

Sherehe iliyozaliwa na volkano

Anayetaka kuiona maana ya vuli kwa Wajerumani bila kufunikwa na mapambo aende Stuttgart, kwenye ukingo wa mto Neckar, ambako sherehe ya pili kwa umaarufu, Cannstatter Volksfest, hufanyika karibu majira yaleyale.

Mwezi Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka nchini Indonesia. Vumbi na gesi zilipanda juu kabisa, zikaenea, zikapunguza nguvu ya jua kwa nchi zilizo maelfu ya kilomita kutoka hapo. Huko kusini mwa Ujerumani mwaka 1816 haukuwa na kiangazi. Mvua haikukatika, baridi iliganda wakati wa kuvuna, nafaka ikaozea shambani. Watu wa Württemberg, ufalme ambao Stuttgart ilikuwa mji wake mkuu, hawakujua lolote kuhusu mlima wa Indonesia. Walichojua ni kwamba mkate umepanda bei, kisha haupatikani. Maelfu waliuza vyao wakahama, wengine kuelekea Urusi, wengine Marekani.

Mwaka huo wa njaa ndipo Wilhelm wa Kwanza alipotawazwa mfalme wa Württemberg, pamoja na mkewe Katharina, binti wa mfalme wa Urusi. Katharina alianzisha mtandao wa misaada na benki ya akiba kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Wilhelm aliweka nguvu kwenye kilimo: shule ya kilimo ikafunguliwa Hohenheim mwaka 1818, na vuli hiyohiyo, tarehe 28 Septemba, siku moja baada ya siku yake ya kuzaliwa, ikafanyika sherehe ya kwanza ya wakulima huko Cannstatt. Zawadi zilitolewa kwa mifugo bora. Katikati ya uwanja ilisimamishwa nguzo iliyopambwa kwa masuke ya nafaka, matunda na mboga.

Nguzo kama hiyo ipo hadi leo, ina urefu wa mita 26, na kila mwaka hupambwa upya. Watu hupanga kukutana chini yake kama sisi tunavyopanga kukutana chini ya mnara au mbuyu fulani. Vijana wengi hawajui kwamba zile boga na mahindi zilizopangwa pale juu zilikuwa ujumbe kwa watu waliokuwa wamekula magome na majani: tazameni, chakula kimerudi. Katharina aliuona mwaka mmoja tu wa sherehe hiyo. Alifariki Januari 1819. Kwangu mimi, kama nikiulizwa maana ya sherehe za vuli za Ujerumani ni nini, nitaanza na nguzo ile kabla sijataja kikombe chochote.

Bia ilivyouteka uwanja

Sasa turudi Munich, maana huko ndiko bia iliposhinda.

Mwanzoni vibanda vya bia vilikuwa vidogo, wanamuziki na watazamaji wakinunua kinywaji wakati wa kusubiri farasi. Karne ya 19 ilipokuwa inasonga, Munich ikawa mji wa viwanda vya bia. Mhandisi Carl von Linde alifanya majaribio ya mashine zake za kugandisha katika kiwanda cha Spaten kwenye miaka ya 1870, na kwa mashine hizo ile kalenda ya miaka mia tatu ikavunjika: bia ikaweza kupikwa Julai kama Januari. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1872, inasimuliwa kwamba Michael Schottenhamel aliishiwa bia hemani, akapewa bia kali ya rangi ya kahawia nyekundu, Märzen, kutoka kwa ukoo wa wapishi wa bia wa Sedlmayr. Iliuzwa kwa bei ya juu, na watu waliipenda hivyohivyo. Jambo hili linanigusa: bia ya Machi iliingia Oktoberfest kwa heshima zote wakati ambapo haja ya kuipika Machi ilikuwa inakwisha.

Baada ya hapo mabadiliko yalifuatana. Kibanda cha kwanza cha kuku wa kuchoma kilifunguliwa mwaka 1881. Vikombe vya kioo vikaanza kutumika mwaka 1892. Mahema makubwa ya viwanda yakachukua nafasi ya vibanda. Farasi waliendelea kukimbia hadi 1938, kisha wakatoweka, na ni wachache waliogundua kwamba mzizi wa sherehe umekatwa.

Leo bia ya Wiesn inaweza kutoka viwanda sita tu: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Lazima ipikwe ndani ya mipaka ya jiji. Tangu mwaka 2022 jina Oktoberfestbier linalindwa na Umoja wa Ulaya kama jina la mahali. Siku hizi si ile nyekundu tena. Wengi hupika bia ya rangi ya dhahabu yenye kilevi cha takriban asilimia 6, kiasi kinachozidi bia nyingi za kawaida, na wageni wengi wanaanguka kwa kutolijua hilo. Augustiner bado humimina kutoka mapipa ya mbao.

Kikombe kinaitwa Maß, na kinabeba lita moja kamili. Kikiwa kitupu kina uzito wa zaidi ya kilo moja, kikijazwa kinapita kilo mbili. Mhudumu mwanamke anaweza kubeba kumi kwa mpigo, ameviegemeza kifuani, mishikio imebanwa vidoleni, akipita katikati ya watu waliosimama juu ya mabenchi. Hiyo ni zaidi ya kilo ishirini, mara nyingi kwa siku, kwa zaidi ya wiki mbili. Wengi wao huchukua likizo kazini kwao kuja kufanya kazi hiyo. Tukiitazama sherehe tusiwasahau hao.

Kwenye kioo cha Maß kumechorwa mstari. Hadi kwenye mstari ndipo bia inapotakiwa kufika. Juu yake ni povu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Munich wanaujua ukweli huo kwa lugha yao: kuna chama kizima cha raia kinachopinga umiminaji wa hila, ambacho wanachama wake huenda kupima kama lita ni lita. Si mzaha kwao. Mei 1844, bei ya bia ilipopandishwa, umati ulivamia viwanda na mikahawa ya Munich, ukavunja madirisha na samani kwa siku kadhaa, na askari hawakuwa na moyo wa kuwazuia. Mfalme aliyekuwa kwenye kiti wakati huo alikuwa Ludwig wa Kwanza, bwana harusi yuleyule wa 1810. Hatimaye bei ikashushwa. Mwaka 2024 lita moja Wiesn iliuzwa kati ya yuro 13.60 na 15.30, na tangazo la bei bado ni habari ya kwanza kwenye magazeti kila mwaka.

Mavazi, na aibu iliyofichwa ndani yake

Mtu akivaa gauni la dirndl na suruali fupi ya ngozi hudhani amevaa kitu cha kale kisichobadilika. Dirndl ilikuwa vazi la kazi la wasichana watumishi. Lilipandishwa hadhi na watu wa mjini mwishoni mwa karne ya 19, na miongoni mwa waliolifanya kuwa pambo la Munich walikuwa ndugu wawili wa Kiyahudi, Julius na Moritz Wallach, wenye duka la mavazi ya asili. Mwaka 1910, sherehe ilipotimiza miaka mia, wao ndio waliotayarisha mavazi ya maandamano.

Kisha wakaja Wanazi. Mwaka 1933 Wayahudi walikatazwa kufanya kazi Wiesn. Mwaka 1938 jina la sherehe lenyewe likabadilishwa kuwa sherehe ya watu wa Ujerumani Kuu, na duka la Wallach likachukuliwa. Waliokuwa wamewavisha watu wa Munich utambulisho wao walifukuzwa kutoka kwenye utambulisho huo. Nadhani kila anayevaa dirndl anastahili kulijua jina la Wallach.

Jeraha la karibu zaidi ni la tarehe 26 Septemba 1980. Usiku huo bomu lililotegwa na kijana mwenye itikadi ya Nazi mamboleo lililipuka kwenye lango kuu. Watu 13 walikufa, yeye mwenyewe akiwemo, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Kumbukumbu yao imesimama langoni, na watu hupita hapo wakielekea kwenye muziki.

Inasemwa nini leo

Kwa kawaida huja watu takriban milioni sita kwa mwaka. Mwaka 2023 walipita milioni saba. Ulevi upo, na si wa kufichwa. Wenyeji wana neno "maiti wa bia" kwa waliolala nyasini kwenye kilima nyuma ya mahema, na wahudumu wa afya wana kazi kubwa. Lakini ukienda Jumanne mchana, siku ya familia yenye bei nafuu, utakuta bembea, babu na wajukuu, lozi zinazokaangwa kwa sukari, na wengi wasiogusa bia kabisa. Tangu 2005 muziki wa kabla ya saa kumi na mbili jioni unatakiwa kuwa wa tarumbeta za asili na usiozidi sauti ya desibeli 85, ili wazee na watoto wakae kwa utulivu. Hema lina meza ndefu, na mtu hawezi kuwa na meza yake peke yake. Utakaa bega kwa bega na usiyemjua, na ndani ya nusu saa mtakuwa mmeshikana mikono. Wenyeji huita hali hiyo Gemütlichkeit, ule moyo kutulia kwa sababu uko na watu. Nikiulizwa wanakwenda kutafuta nini pale, nitasema ni hilo.

Si sherehe ya Wajerumani wote. Bremen, kaskazini, wana Freimarkt yao ya Oktoba, yenye mizizi katika ruhusa ya soko ya mwaka 1035, na mtu wa Bremen hataki kuvishwa suruali ya ngozi. Bad Dürkheim wana sherehe kubwa ya divai mwezi Septemba. Nje ya nchi jina limesambaa kuliko maana yake, hadi Nairobi ambako matamasha ya bia yamebeba jina la Oktoba. Mahali pamoja maana ilisafiri pamoja na jina: Blumenau, mji wa Brazili ulioanzishwa na walowezi wa Kijerumani mwaka 1850. Mafuriko ya mto Itajaí yaliuharibu mwaka 1983 na tena 1984, na vuli ya Ulaya ya mwaka huo wa 1984 wakaanzisha Oktoberfest yao, watu wapate kuinuka tena. Bila shaka Wilhelm na Katharina wangeielewa.

Sherehe ya Munich nayo imesimamishwa mara nyingi: kwa vita, kwa mfumuko mkali wa bei mwaka 1923 na 1924, kwa korona mwaka 2020 na 2021. Mwaka 1854 ilisimamishwa na kipindupindu, kilichoua takriban watu 3,000 mjini. Ludwig wakati huo hakuwa mfalme tena, alikuwa amejiuzulu mwaka 1848. Therese alikuwa bado Munich. Uwanda wenye jina lake ulikuwa mtupu Oktoba hiyo, bila farasi wala muziki, na tarehe 26 ya mwezi huo kipindupindu kikamchukua na yeye.

Juu ya uwanda huo imesimama sanamu ya shaba ya mwanamke, Bavaria, yenye urefu wa zaidi ya mita 18, iliyozinduliwa mwaka 1850 kwa agizo la Ludwig. Jumapili ya mwisho ya Wiesn, saa sita mchana, wapiga baruti wa vijijini hupanda ngazi zake wakiwa na mavazi yao, wanajipanga mistari, wanainua bunduki zao fupi na kufyatua moja baada ya nyingine hadi moshi unafunika miguu ya sanamu. Wiesn ikishafungwa, mafundi wanaanza kubomoa mahema. Baada ya wiki chache hubaki uwanda wa kokoto, na watu wa mtaani hupita hapo na mbwa wao wakielekea kazini.